Mgonjwa wa Mtihani

Wodini walimwita Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, na hakuna aliyemwonea kwa jina hilo. Mwanamke yule hakujua kukaa. Akila, anakula amesimama dirishani. Akiandika faili, ameegemea ukuta. Mumewe, mchomeleaji wa milango na madirisha ya chuma, alikuwa akilalamika kwamba katika miaka kumi na miwili ya ndoa hajawahi kummalizia mkewe habari moja wote wawili wakiwa chumba kimoja. "Naanzia sebuleni," alisema, "namalizia uani, na bado ananiuliza nilikuwa nasema nini."

Mwaka ninaousimulia, miguu hiyo ilikuwa na sababu. Kiguu alikuwa na miaka thelathini na saba. Alifanya kazi ya uuguzi miaka tisa, akaacha, akaingia chuo akiwa mtu mzima, akasoma udaktari katikati ya vijana waliomwamkia kila asubuhi. Shahada aliipata, na mumewe akaitengenezea fremu ya chuma nzito mno hata msumari wa kawaida haukuweza kuibeba. Kilichokosekana ni leseni. Leseni hutolewa na bodi, bodi ina mtihani wake, na mtihani huo mtu huruhusiwa kuufanya mara tatu tu maishani. Kiguu alikuwa ameshaanguka mara mbili. Kwa sasa alifanya kazi katika wodi ya magonjwa ya ndani kwa kibali cha muda. Kila dawa aliyoandika ilibidi mwenye leseni aitie sahihi, na baadhi ya hao wenye leseni ni watoto wa juzi ambao yeye mwenyewe, enzi za uuguzi, aliwafundisha kutafuta mshipa. Akianguka mara ya tatu, kibali kinakufa siku hiyo hiyo, na kule kwenye uuguzi nafasi yake ilishajazwa zamani. Ndiyo maana hakukaa.

Na jinsi alivyoanguka inachekesha kama hayakukupata wewe. Sehemu ya kwanza ya mtihani ni karatasi. Kila swali lina mgonjwa wa mistari mitano, chini yake majibu matano, na kinachoulizwa karibu kila mara ni kile kile: hatua gani inafuata? Una dakika moja na kidogo. Kiguu alikuwa anachagua, anasonga mbele, halafu moyo unamrudisha nyuma. Huyu mzee wa swali la kumi na nne, figo zake zikoje? Hawakusema. Mbona hawakusema? Anafuta, anachagua jingine. Mara ya kwanza alikosa alama tatu tu, akakata rufaa, na bodi ikamjibu kwa barua: alifuta majibu kumi na moja, na tisa kati yake yalikuwa sahihi kabla hajayagusa. Mumewe aliisoma barua ile, akatoka nje, akaenda kuchomelea kitu ambacho hakikuwa kimevunjika.

Mara ya pili karatasi aliipita, akaangukia kwenye sehemu ya pili, ambayo ni mgonjwa wa kweli. Hapo unapewa chumba, kitanda, mtu aliyelala juu yake, na nusu saa ya kumhoji na kumpima. Kisha watahini wawili wanaingia na una robo saa ya kuwaeleza mtu huyu ana nini na utamfanya nini. Kiguu alipewa mwanamume mwenye ugonjwa wa ini. Akamuuliza habari za usingizi, za kazi, za pombe, za mkewe aliyeondoka na kama alirudi, mpaka kengele ikalia hajaweka mkono tumboni. Mtahini mmoja aliandika kwenye fomu: "Anauliza vizuri. Hafiki."

Safari hii akajitafutia mwalimu. Kulikuwa na daktari mwenzake wodini, kijana wa miaka ishirini na sita, naye ana kibali cha muda na anafanya mtihani kwa mara ya kwanza, waliyemwita Kamusi kwa sababu ukimfungua popote utakuta neno. Saa ya mapumziko walijifungia chumba cha kuhifadhia mashuka, Kamusi amekaa juu ya furushi, Kiguu anazunguka.

"Dada yangu," Kamusi alimwambia, "mtihani hautaki kujua kama wewe ni daktari mzuri. Unataka jibu. Kila swali lina neno lake kuu. Kijana, mrefu, mwembamba, kifua kimebana ghafla: pafu limepasuka. Umeshaliona neno, funga mlango, nenda swali jingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Na haraka haraka haina baraka."

"Basi chagua methali moja uondoke nayo, maana zote mbili hazina alama. Jibu la kwanza ndilo jibu. Ukirudi nyuma, umekwisha."

Nyumbani mumewe ndiye aliyemsomea kadi za maswali, asubuhi kabla ya kazi, miwani ya kuchomelea iko juu ya paji la uso. Alisoma kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya msiba. "Mwanamke wa miaka ishirini na minne, kisukari, ana kiu kali, anapumua haraka haraka, pumzi inanuka matunda. Masikini! Hatua gani inafuata?"

"Maji ya mshipani," Kiguu alijibu akipita na ndoo. "Potasiamu ipimwe kabla ya insulini."

Mume aligeuza kadi. "Sawa. Alipona?"

"Kadi haisemi."

"Kadi gani hii, inakuletea mgonjwa halafu inanyamaza!" Alikuwa amekasirika kweli. Mkewe alimpenda kwa hilo, ingawa asubuhi ile hakuwa na nafasi ya kumwambia.

Siku ya karatasi Kamusi alimngoja getini, akamnyooshea kiganja, na Kiguu akamkabidhi kifutio kama mtu anayesalimisha silaha. Mle ndani mkono wake ulikwenda mara nyingi kukitafuta kisipokuwepo. Alipita kwa ziada ya alama saba. Kilichobaki sasa ni mgonjwa mmoja, nusu saa, na robo saa.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo watu wa nje hawalijui. Bodi haiwezi kusubiri anayeletwa na bahati siku ya mtihani. Huenda wakaja kumi wenye mafua. Kwa hiyo huwaalika watu wenye maradhi ya siku nyingi, ambao moyo au bandama au ini lao linasema waziwazi. Barua zinatumwa, gari la hospitali linawapitia, wanapewa chai na mkate na kitanda chenye shuka jeupe, na watahiniwa wanawapima kwa zamu tangu asubuhi hadi jioni. Hao ndio wagonjwa wa mtihani. Wengi huja mara moja au mbili, wanachoka kupapaswa, wanaacha.

Mmoja hakuacha. Alikuwa mzee aliyeshona viatu mpaka pumzi zilipomkatalia, mjane, anakaa kwa binti yake. Homa ya viungo ya utotoni ilikuwa imembania valvu moja ya moyo, upande wa kushoto, na valvu ile ilitoa mvumo safi kiasi kwamba kizazi kizima cha madaktari kilijifunzia kwake. Walimwita Mwalimu. Alikuwa ameshatokea kwenye mitihani kumi na tisa. Alikuwa na shati la mtihani, lililopigwa pasi, lenye vifungo vikubwa ili zisipotee dakika. Kabla hujamwambia ameshalala ubavu wa kushoto, ameshatoa pumzi na kuizuia, na akiona unaweka kipimo mahali pasipo penyewe hukohoa kidogo na kutazama kwingine. "Ukimpata Mwalimu," watahiniwa walisema, "umepata leseni." Walimwombea azidi kuishi, na wala si kwa wema.

Kiguu alimjua tangu mwaka wa tatu wa chuo. Siku moja alikuwa wa mwisho kwenye mstari wa wanafunzi na hakusikia kitu zaidi ya mapigo yake mwenyewe, na yule mzee akaishika stethoskopu kwa vidole viwili, akaisogeza kidogo chini, akauliza taratibu, "Umesikia?" Akasikia. "Basi wewe ni mwanangu," mzee akasema.

Siku ya mgonjwa, watahiniwa waliketi kwenye benchi refu la korido, isipokuwa mmoja. Mlango wa chumba namba nne ukafunguka, Kamusi akatoka. Sheria inakataza kusema neno. Kamusi hakusema, aliweka ngumi kifuani upande wa kushoto, akacheka kwa macho, akapita. Msimamizi akaita namba ya Kiguu. "Chumba cha nne." Baada ya miaka yote ile, ameokota dodo chini ya mnazi.

"Karibu mwanangu," Mwalimu alisema. "Wewe ndiye wa nne leo." Kola ya shati la mtihani ilikuwa kubwa kuliko shingo. Kwenye ubao mdogo wa kitandani palikuwa na karatasi ya saa moja asubuhi: joto thelathini na sita nukta nane, mapigo tisini na sita. Mzee akageuka ubavu wa kushoto bila kuambiwa.

Kiguu alichukua karatasi yake na, kama alivyofundishwa kwenye chumba cha mashuka, akaandika jibu la kwanza juu kabisa: valvu ya kushoto imebana. Alitazama saa ukutani. Dakika mbili zimepita. Zimebaki ishirini na nane, na jibu analo.

Mtu mwingine angemshukuru Mungu. Yeye dakika zile zilimchoma. Chumba kilikuwa cha hatua tatu tu, kitanda mpaka dirisha, na mikono ilianza kumtetemeka kwa kukosa kazi. Akaona aibu kupeleka mikono inayotetemeka kwenye kifua cha mzee, basi akamshika kwanza mkono, ili atulie. Ulikuwa wa moto na wenye unyevu. Akatazama vidole. Chini ya kucha tatu palikuwa na vistari vyembamba, vyekundu vilivyokolea, mithili ya vibanzi vilivyoingia vikabaki.

"Baba, siku hizi unashona tena?"

"Nishone na pumzi gani? Niliacha huu mwaka wa sita." Akauvuta mkono pole pole. "Moyo uko huku mwanangu. Muda."

Kiguu akaweka stethoskopu. Mvumo wa zamani ulikuwepo, mahali pake, ule ule aliousikia miaka ile. Lakini palikuwa na mwingine. Ulikuja wakati ambao ule wa zamani hunyamaza, ulipuliza, na alipousogelea ulikimbilia kwapani. Alisikiliza mara tatu. Valvu ambayo miaka yote ilikuwa inabana, sasa ilikuwa inavuja pia, na kuvuja kule hakukuwa katika daftari la mwanafunzi yeyote aliyewahi kumpima mzee huyu. Akamlaza chali, akaweka vidole chini ya mbavu za kushoto, akamwambia avute pumzi. Bandama ikashuka ikagusa ncha za vidole.

Akachukua kipimajoto kwenye trei bila kuuliza. Thelathini na nane nukta nne.

"Baba. Homa imeanza lini?"

"Homa gani? Chumba kina joto."

"Umepungua. Unatoka jasho. Kuna jino limeng'olewa?"

Mzee akafungua mdomo, akamwonyesha pengo nyuma, upande wa chini. "Mwezi wa juzi. Binti yangu alinipeleka."

"Na homa?"

"Wiki ya tatu. Inakuja jioni." Alishusha sauti. "Asubuhi nilimeza vidonge vya homa viwili, na kwenye gari viwili tena. Ili homa isi... isiwaharibie mtihani. Inaelekea vimeisha nguvu."

Kiguu alimkodolea macho. "Umekuja hospitali, umeficha ugonjwa?"

"Nikiumwa hawanichukui. Mwaka juzi yule mama wa figo alikuja na kikohozi, wakamrudisha na gari lile lile, na hawakumwita tena." Alimshika mkono, safari hii yeye. "Sikiliza mwanangu. Yule kijana aliyetoka aliniambia, anayefuata ni dada yetu, ni mara yake ya mwisho, msaidie. Sasa nakusaidia. Sema valvu imebana. Ndilo lililoandikwa kwenye karatasi yao. Jana walituleta tukaguliwe, na Profesa wa bodi mwenyewe akapita akathibitisha. Sema hivyo, chukua cheti chako, mimi nitarudi hospitali kesho na miguu yangu."

"Kesho?"

"Au kesho kutwa. Nina homa tu."

Haikuwa homa tu, na Kiguu alijua. Vijidudu vilikuwa vimeingia kwenye damu, pengine kwa tundu la lile jino, vikajenga juu ya valvu mbovu, na sasa vinaitafuna. Mtu wa namna hiyo anaweza kuzungumza nawe asubuhi, jioni kipande kikang'oka kikaziba mshipa wa ubongo. Tena huyu akirudi nyumbani na mfuko wa vidonge vya homa, hatakuja kesho. Mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini huyu alikuwa anayaficha kwa ajili yake yeye.

Zilibaki dakika nane, na alizitumia kutembea. Kitanda mpaka dirisha, dirisha mpaka kitanda. Profesa ndiye aliyemtibu mzee huyu kliniki miaka yote, ndiye aliyemchagua, ndiye aliyetia sahihi jana kwamba dalili ni zile zile. Neno la Profesa kwenye bodi lilikuwa sheria. Kusema kuna mvumo mpya ni kumwambia usoni kwamba jana hukusikiliza. Na kama amekosea? Amewahi kurudi nyuma mara kumi na moja, na mara tisa alijiponza mwenyewe. Aliwaza watoto wake wawili, fremu ukutani, Kamusi na kiganja chake. Alimchukia mzee kwa kuumwa leo. Alijichukia kwa kumchukia. Kisha akachukua kalamu, akakata mstari wa juu, na hapo hapo kengele ikalia.

Profesa aliingia kwanza, mrefu, koti jeupe limefungwa vifungo vyote, na nyuma yake mtahini mgeni kutoka hospitali nyingine, mama mnene mkimya aliyeandika kila kitu. Profesa akampiga mzee begani. "Mwalimu! Haya, daktari, tueleze moyo huu."

"Profesa, huyu mzee hapaswi kuwa hapa. Anapaswa kuwa wodini."

"Nimeuliza moyo."

Kiguu akaeleza. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikashika. Kucha, joto, jino, bandama, mvumo wa pili na mahali unapokwenda. Mtahini mgeni aliinua kichwa kutoka kwenye fomu. Profesa alinyoosha mkono akachukua karatasi ya Kiguu, akaisoma.

"Hii ni mara yako ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Hapa juu naona uliandika kitu, ukakikata."

"Ndiyo, Profesa."

"Kilikuwa jibu." Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililokuwa gumu. "Nakupa nafasi. Unataka kukirudisha?"

Mzee kitandani alimtazama Kiguu na kutikisa kichwa chini juu, chini juu: kubali, kubali.

"Sitaki," Kiguu alisema.

"Basi. Hatua gani inafuata?"

"Mtihani kwa mgonjwa huyu uishie hapa. Wanaosubiri wapewe mwingine. Apandishwe wodini sasa, achukuliwe damu mara tatu, sehemu tatu tofauti, ikaoteshwe maabara, kabla hajapewa antibiotiki yoyote, maana tukianza na dawa hatutamjua mdudu. Mkojo upimwe. Moyo upigwe picha leo. Lakini presha ikishuka au pumzi ikimbana, hatungoji damu ya tatu, tunaanza dawa."

Mtahini mgeni aliweka fomu chini, akasogea kitandani, akasikiliza. Alikaa hapo muda mrefu, akahamia kwapani, kisha akavua stethoskopu masikioni akampa Profesa bila neno. Profesa akainama. Alifumba macho. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Tangu lini?" alimuuliza mzee.

"Wiki ya tatu, Profesa."

"Nilisimama hapa jana. Mbona hukuniambia?"

Mzee aliwaza kidogo, akitafuta namna ya kusema bila kumkosea adabu. "Jana uliniuliza, bado upo? Nikasema nipo. Ukacheka, nami nikacheka, ukatia sahihi. Mengine hukuuliza."

Profesa aliketi ukingoni mwa kitanda. Kwa miaka yote hakuna aliyemwona akiketi kwenye kitanda cha mgonjwa. "Daktari," alimwambia Kiguu, akiwa anatazama sakafu, "mpeleke wodini. Damu ya kwanza chukua wewe."

Damu iliota mdudu siku ya tatu. Mzee akaanzishiwa sindano za wiki sita. Picha ya moyo ilionyesha valvu imeliwa kiasi cha kutotengenezeka. Baada ya dozi atahamishiwa hospitali kubwa, afunguliwe kifua, awekewe mpya. Bodi nayo ilibishana. Watahiniwa watatu waliotangulia chumba cha nne walikuwa wamejibu kama ilivyoandikwa, na iliyoandikwa ilikuwa na sahihi. Wa nne alikuwa amejibu kisichokuwa kwenye karatasi, nacho kilikuwa kweli. Kuna waliosema afaulu, kuna waliosema mtihani ni mtihani. Kiguu aliambiwa asubiri. Alisubiri kwa miguu. Wauguzi walisema ngazi za jengo lile zimelika upande mmoja.

Kamusi alikuja kumtafuta kwenye chumba cha mashuka. Hakukaa juu ya furushi. "Nilimshika mkono ule ule, dada," alisema. "Nilimsalimia kwa mkono ule, nikausifu kwamba hautetemeki. Sikuutazama." Kiguu alitaka kumwambia kwamba na yeye angeupita tu mkono ule kama chumba kile kingekuwa na nafasi ya kutembea, lakini kijana alikuwa ameanza kulia, na akamwacha alie.

Kilichomuumiza zaidi ni Mwalimu mwenyewe. Mzee hakusema naye. Alimpa mkono wa sindano kama mtu anayempa jirani jembe la kuazima, akageukia ukutani. Kwa binti yake alizungumza, kwa wauguzi alitania, hata kwa Profesa, aliyekuja kila asubuhi sasa na kumuuliza alivyolala. Kwa Kiguu, kimya. Wiki nne zote.

Matokeo yakabandikwa siku ya Alhamisi saa tano. Namba yake ilikuwepo. Aliisoma mara nne, akaisoma na kidole juu ya kioo, akampigia mumewe, ambaye alipiga kelele kiasi kwamba mashine za karakana zilizimwa kusikilizwa kulikoni. Kisha akapanda wodini, maana sindano ya mchana ilikuwa imefika.

"Mwalimu," alisema, "nimefaulu."

Mzee akageuka, kwa mara ya kwanza, akamtazama. "Wamekupa?"

"Wamenipa."

"Hongera mwanangu." Ilitoka moyoni. Lakini mzee alikuwa bado anamtazama. "Basi sasa wewe ni daktari kamili, huwezi kunidanganya. Hiyo valvu mpya, nayo inavuma?"

"Inalia tik tik, kama saa. Ule mvumo wa zamani hautakuwepo."

"Kwa hiyo mwakani hawataniita."

Angeweza kusema tutaona. Angeweza kusema Mungu mkubwa, ambayo ni kweli pia. "Hapana, baba. Hawatakuita. Mwakani utakuwa mzima."

Mzee aliitazama mikono yake juu ya shuka. Vile vistari vya kwenye kucha vilikuwa vimesogea juu, vinaelekea kukatwa. Midomo ilimcheza. "Mzima," alisema. "Miaka kumi na tisa madaktari wananivulia kofia. Nikiwa mzima, nitakuwa nani?"

"Hilo silijui, baba."

Mzee akapangusa macho kwa kola, akakunja mkono wa shati, akamnyooshea.

"Haya, choma," alisema. "Ila taratibu, leo mkono unauma."